Platini kwenye Kisahani cha Mnunuzi wa Dhahabu

Mnaniuliza, ninyi vijana wa shule ya uuguzi, kwa nini nikiona kijiko cha aluminiamu karibu na dawa ya saratani napiga kelele kana kwamba nimekanyaga nyoka. Najua mnanicheka nikishapita. Chekeni tu, mimi nimestaafu, hakuna mkubwa wa kuniandikia barua ya onyo. Lakini kabla hamjaanza kazi mniache niwaeleze sababu yake, maana kelele hizo zilianzia kwa mtu aliyekaribia kufa, na haikuwa saratani peke yake iliyotaka kumuua.

Naitwa Mama Katungu. Nilitia serum, yale maji ya mshipani, na kuchoma sindano katika hospitali moja ya Butembo tangu nikiwa msichana mpaka magoti yangu yalipogoma. Sasa nakaa Bulengera, nafuga kuku, na ninyi mnakuja kula mayai yangu mkijifanya mmekuja kuuliza maswali ya kazi.

Leo mnafundishwa kuvaa glavu mbili na gauni la plastiki mkichanganya dawa hizi, na mnanung'unika kwamba kuna joto. Wakati wa vita nilivaa koti la mvua la marehemu mume wangu, lile alilokuwa akiendea kwenye kahawa, na miwani ya fundi wa kuchomelea. Nilisimama karibu na dirisha lililo wazi, upepo ukinipiga mgongoni. Wagonjwa waliniita Mama Soudeur. Muuguzi mwenye mimba nilimfukuza mpaka uani, na kama ana maneno mengi nilimfukuza mpaka barabarani.

Aliyenifundisha alikuwa Daktari Mbuyi, mtu wa Kasai. Serikali ilikuwa imemleta kwetu kabla ya vita, kisha vita vikamfungia barabara ya kurudi. Alikuwa mwembamba, mwenye hasira za karibu na huruma za karibu vilevile. Mara ya kwanza alipoishika chupa ya ile dawa mbele yangu, aliinyanyua kwenye mwanga kidogo, akaifunika tena haraka kwa kitambaa.

"Katungu, hii dawa iko métal," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa. "Platine. Mais hapana chuma ya kukata. Ni chuma ya kukamata."

Sikilizeni hapo, kwa sababu kwenye mtihani mnaandika "inaua seli" halafu mnaweka nukta. Inauaje? Chembe moja ya platini inakaa katikati. Upande mmoja imeshikana na amonia mbili, upande wa pili na kloridi mbili, na kloridi ni ileile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Damu yetu ina chumvi nyingi, kwa hiyo dawa ikiwa kwenye damu kloridi zake hazibanduki, imetulia. Ikiingia ndani ya seli inakuta chumvi ni kidogo. Kloridi zinatoka, maji yanakaa mahali pake, na maji hayo hayana nguvu ya kubaki. Platini inakuwa na mikono miwili inayotafuta cha kushika. Inafika kwenye kiini, inakuta uzi wa urithi, ile ADN ya darasani, inashika herufi mbili zilizo jirani na kuzivuta pamoja. Uzi unapinda. Seli ikitaka kugawanyika lazima uzi usomwe wote, na usomaji ukifika kwenye kona ile unakwama. Seli ina mafundi wa kurekebisha uzi. Wanakuja, wanakata, wanaunga, wanashindwa. Wakishindwa kabisa, seli yenyewe inajiamuru kufa.

Kwa sababu hiyo tuliichanganya kwenye serum salé, ile ya chumvi, wala si kwenye ya sukari peke yake. Chumvi inaifunga mpaka ifike. Wala hatukuiweka kwenye frigo, maana kwenye baridi inajitenga na maji. Kuna mwenzangu aliyeona dawa ya thamani, akaikimbiza kwenye frigo ya chanjo, maana kwetu kila kitu cha thamani kilipelekwa huko, hata siagi ya masista. Tulipoitoa ilikuwa na punje chini kama mchanga. Daktari Mbuyi alitukana kwa Kifaransa, kwa Kiluba, kisha akamalizia kwa Kilingala ili askari wa getini nao waelewe.

Sasa nije kwa Kasereka.

Alikuwa kijana wa Musienene, mkulima wa viazi na maharage, mabega mapana, na mahari ya mchumba wake ilikuwa imeanza kutolewa. Korodani yake moja ilivimba akaficha. Alisema alianguka juu ya baiskeli. Alipoletwa kwetu, uvimbe ulikuwa umepanda: kishimo cha chini ya shingo, juu ya mfupa wa bega la kushoto, kilikuwa kimejaa donge gumu, na kwenye picha ya mapafu palikuwa na madoa. Daktari alimpasua akaitoa ile korodani. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya dawa, itiwe kwa zamu, duru baada ya duru.

"Hii kansere iko na bafundi bavivu," aliniambia. "Ukipinda uzi wake, hapana jua kutengeneza. Tukiipiga muzuri inaisha, Katungu. Inaisha kabisa. Mais tukichelewa katikati ya duru na duru, zile zinabakia zitazaana, tena zitakuwa zimejifunza."

Hilo ndilo lililokuwa hatarini, msilisahau. Kasereka angeweza kupona kabisa, wakati wengi tuliowatibu tuliwaongezea muda tu. Na kupona kwake kulitegemea chupa zifike siku yake, katika nchi ambayo hata mkate ulikuwa haufiki siku yake.

Chupa zililetwa na kaka yake, Paluku. Huyu alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale mjini. Wachimbaji walimjia kutoka pande za Kasugho na vipunje ndani ya karatasi ya sigara, naye alivipima nyumbani kwake. Mtu mkavu, asiyecheka ovyo, vidole vyake virefu kama vya mpiga gitaa. Dawa aliinunua Beni, kwa mzee mmoja mwenye pharmacie, duka la dawa, aliyeipata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Alipouliza ni dawa gani hiyo ya bei ya kutisha, Daktari Mbuyi alimjibu ukweli: ndani yake kuna platini, chuma cha thamani kama dhahabu, na wakati mwingine kuipita. Paluku alinyamaza. Mnunuzi wa dhahabu akinyamaza mbele yako, ujue ameanza kukupima.

Duru ya kwanza ilikuwa ya matapishi. Shangazi zake walikuja kumlinda kitandani, wakamficha kikombe cha maji, kwa sababu kwetu mtu akitapika ananyimwa maji ili tumbo lipumzike. Wakidhani wanamsaidia! Platini ikikosa maji ya kuisukuma inakaa kwenye figo na kuziharibu. Niliwakemea mpaka mmoja akalia, nikamtilia Kasereka serum nyingi, nikapima mkojo wake wote kwenye chupa, nikiusubiri kama watu wengine walivyosubiri habari za redio. Mkojo ukija, nafurahi. Ukipungua, namkimbilia daktari. Kasereka aliona aibu sana, mwanzoni. Baadaye akawa ananipungia chupa toka mbali: "Mama, kuya uone mali!"

Siku chache kabla ya duru ya pili Paluku alikuja, akaweka vidole vyake kwenye shingo ya mdogo wake, akabonyeza taratibu.

"Imepunguka," akasema. Nikaona uso wake ukilegea kidogo. Akaondoka kwenda Beni kuleta chupa nyingine.

Siku ya duru ya pili ilipofika, Kasereka alikuwa tayari. Serum ilikuwa ikiingia tangu asubuhi, kwa kuwa figo lazima zioshwe kwanza. Paluku hakutokea. Mjini walisema mapigano yamesogea, na njia ya Beni inaweza kufungwa wakati wowote. Nilikuwa nikienda dirishani na kurudi, nikienda na kurudi, mpaka Kasereka akaniambia nikae kwa sababu namtia kizunguzungu.

Aliyekuja alikuwa mke wa Paluku, Mama Masika, ameshika kitu kwenye kitenge.

"Mama Katungu, bwana yangu anasema ile dawa iko ya bongo, hapana ya kweli. Jana alirudi nayo, akafunga mulango, akaipima. Leo asubuyi ameirudisha yote Beni. Anasema ule muzee wa pharmacie ataona."

"Aliipima na nini?"

Akafungua kitenge. Kilikuwa kisahani cha aluminiamu, kile ambamo Paluku alimwaga vipunje vya wachimbaji ili avitazame. Chini yake palikuwa na unga mweusi, kama masizi yaliyolowa.

Hapa lazima muelewe desturi ya watu wale. Mnunuzi wa dhahabu hapokei kitu bila kukijaribu, hata kikitoka kwa baba yake mzazi. Anakijaribu peke yake, mlango umefungwa, na akigundua ni bandia hamwambii mtu yeyote nje ya nyumba yake mpaka amfikie muuzaji uso kwa uso, asije akaonywa akakimbia. Dhahabu ya kweli ukiitia asidi haigeuki. Ya bandia inageuka rangi. Paluku alivunja chupa moja, akaimimina kwenye kisahani chake, akangoja. Ikageuka nyeusi. Kwa sheria zote alizozijua maishani, alikuwa ameibiwa, na mdogo wake alikuwa anakaribia kutiliwa uchafu kwenye mshipa.

Daktari Mbuyi alikipeleka kisahani dirishani, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda akishika kichwa.

"Mon Dieu. Katungu, hii nyeusi ni platine yenyewe. Aluminium imeinyanganya na dawa. Nilikuambiaka: hapana sindano ya aluminium, hapana kijiko. Kama ingekuwa maji ya bongo, ingebakia nyeupe! Anaitupa, sababu iko ya kweli!"

Alivua koti lake jeupe aende Beni mwenyewe. Nikamzuia. Jina lake na lafudhi yake vilikuwa vimeshamponza: kwenye barriere ya njia ile, kizuizi cha askari, walikuwa wamemshusha mara moja, wakamkalisha juani kutwa nzima wakimuuliza anampelelezea nani. Safari hii wasingemwachia. Nikasema nitakwenda mimi.

Lakini kwenda na maneno matupu kwa Paluku? Mtu yule haamini maneno. Hapo nikakumbuka ndoo yetu ya takataka. Hatukuwa na mafuta ya kuwashia tanuri la kuchomea, kwa hiyo chupa tupu za dawa zile tulizifungia kwenye ndoo yenye mfuniko, zikingoja amani. Nikavaa glavu, nikachagua chupa ya duru ya kwanza iliyobakiwa na matone chini, nikaifunga kwa kitambaa cheusi, nikaizika katikati ya mfuko wa maharage.

Kasereka alinishika mkono.

"Mama, kama haurudi leo?"

"Nitarudi."

"Mais kama haurudi?"

"Kunywa maji!" nikamfokea. Nilifoka kwa sababu nilikuwa nataka kulia.

Nilipata lori la kahawa. Dereva alisema atashusha mzigo Beni na kugeuka mara moja, hamngoji mtu, awe mama yake au askofu. Kwenye barriere askari kijana akatushusha, akauliza kwa Kilingala chake:

"Mama, okei wapi?"

"Beni."

"Ndani iko nini?"

"Maharage."

Akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akatoka na kile kitambaa cheusi.

"Na hii?"

"Sumu ya kansere. Ukifungua, nywele zako zote zinatoka. Na za kichwa, na zingine."

Akanitazama, akatazama kitambaa, akakirudisha ndani ya maharage kwa ncha za vidole. "Pita, mama. Pita mbio." Nilipanda lori, na wanawake waliokuwa juu ya magunia walicheka mpaka Beni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikisikia mizinga, bado mbali, upande wa milimani.

Pharmacie ilikuwa nusu wazi. Ndani, komanda mmoja, mtu wa mkoa mwingine, ambaye Paluku alikuwa amemwita aamue, alikuwa amekalia kiti cha mwenye duka. Mzee mwenyewe alikuwa sakafuni, askari wamemvua viatu. Paluku alisimama katikati, katoni ya dawa chini ya mguu wake.

"Paluku," nikasema, "usikanyage."

"Mama, rudi Butembo. Huyu aliniuzisha mayi ya mutoni. Alitaka kuua mudogo yangu."

"Dawa iko ya kweli."

"Mi napima tangu niko kijana! Kitu cha kweli hapana geuka!"

"Or, dhahabu, hapana geuka. Hii inageuka. Ikikuta aluminium inageuka, na ya bongo ndiyo haigeuki."

Komanda alitutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua mbuzi. "Sasa nani anasema ukweli? Mimi hapana na siku muzima."

Nikaomba sahani ya askari, zile za aluminiamu za kulia chakula. Nikaikwaruza kwa kisu pande mbili mpaka ikang'aa. Upande mmoja nikaweka matone ya serum salé kutoka rafu ya mzee. Upande wa pili nikaweka matone ya chupa yangu, na chupa nikampa Paluku mkononi. Aliitambua mara moja. Alikuwa ameileta mwenyewe, na kwenye karatasi yake palikuwa bado na alama ya kalamu aliyoitia siku ile ili isibadilishwe njiani.

"Hii ni ile ya kwanza," nikamwambia. "Ile ilipunguza uvimbe wenye ulishika na vidole vyako. Hii ikibakia nyeupe, kanyaga katoni. Ikigeuka, unipatie."

Tukangoja. Ninyi mmezoea mashine inayopiga mlio ikimaliza. Sisi tuliinamia sahani ya askari, vichwa vitatu, mzee akisali Salamu Maria kwa Kinande pale chini. Matone yalibaki maangavu. Nje dereva wa lori alianza kupiga honi. Matone bado maangavu. Paluku akanitazama, na niliogopa, nawaambia wazi niliogopa, kwa sababu sikuwahi kuiona kwa macho yangu ikigeuka. Nilikuwa naamini tu kinywa cha Daktari Mbuyi. Kama matone yale yalikuwa yameisha nguvu ndani ya ndoo, nilikuwa nimemhukumu Kasereka kwa mkono wangu, na yule mzee pia.

Honi ikapiga tena. Kisha viputo vidogo vikatokea chini ya tone, vidogo sana, na ukingo wake ukaanza kuwa wa kijivu. Paluku akasogeza uso. Kijivu kikawa cheusi, kikatanda. Upande wa serum ulikuwa bado maji safi.

Paluku aliinama, akaiondoa katoni sakafuni kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi la kiatu chake.

"Donc ilikuwa ya kweli," akasema.

"Ilikuwa ya kweli mpaka ulipoimwaga kwa sahani."

Komanda akasimama. "Papa," akamwambia yule mzee, "vala viatu."

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea. Paluku alinirusha juu kama gunia, akaruka nyuma yangu, na njia nzima alikaa na katoni ndani ya koti lake, ameikunjia mgongo ili jua lisiifikie. Kwenye barriere walikuwa tayari wanavuta magogo kufunga njia. Yule askari kijana akaniona, akawapigia kelele wenzake: "Ule mama ya nywele! Muache apite!" Wakatuachia upenyo. Magogo yalifungwa nyuma yetu, na njia ile haikufunguka tena kwa siku nyingi.

Jua lilikuwa halijazama tulipoingia wodini. Jagi la Kasereka lilikuwa tupu. Daktari Mbuyi alihesabu chupa, akafumba macho, akashukuru. Alikuwa ameagiza moja ya ziada kwa sababu ya mashimo ya barabarani, na hiyo ya ziada ndiyo iliyokuwa imeishia kwenye kisahani. Nikavaa koti langu la mvua.

Tulimpa duru zote zilizotakiwa. Zilizofuata nazo zilikuwa na visa vyake, lakini Paluku hakufungua chupa tena. Aliniletea kisahani chake cha aluminiamu niwawekee kuku wangu mtama. Nywele za Kasereka zilitoka zote. Masikio nayo yaliumia: platini ilimnyang'anya sauti nyembamba, ndege, filimbi, mwisho wa maneno. Hilo hatukuweza kumrudishia, na lilinisikitisha. Muwaulize wagonjwa wenu kuhusu masikio kabla ya kila duru. Msingoje waseme wenyewe, hawasemi.

Siku ya kipimo cha mwisho, picha ya mapafu ilikuwa safi. Daktari Mbuyi aliinyanyua dirishani tuione sote. Paluku hakuitazama. Alikaa kitandani, akaweka vidole vyake virefu juu ya mfupa wa bega la mdogo wake, akafumba macho. Akabonyeza. Akazunguka, akarudi, akabonyeza ndani zaidi, upande huu, upande ule. Wachimbaji wengi walikuwa wamelia mbele ya mtu huyu kwa sababu baada ya kutafuta dhahabu hivyo aliwaambia neno moja tu. Machozi yakamtoka yeye.

"Hapana kitu," akasema, neno lilelile la wachimbaji.

Kasereka akamgeuzia sikio. "Yaya, kaka yangu, unasema nini? Sema na nguvu, hapana sikia."

Paluku akasimama katikati ya wodi, yule mtu asiyewahi kupaza sauti, akapiga kelele mpaka ndugu waliolinda wagonjwa wakatoka jikoni na miiko mikononi:

"HAPANA KITU! NIMETAFUTA POTE! HAPANA KITU!"